Msamaha Nilioutoa Bila Kusikia

Toivola, Michigan
Ijumaa, 14 Machi

Dada yangu mpenzi Irja,

Shikamoo. Nakusalimu kutoka huku nyumbani, ambako theluji bado imeegemea dirisha la jikoni, na Sylvia ameapa kwamba akiiona tena mwezi wa nne atahamia jangwani na hatanichukua. Vipi nyonga yako? Umeshaanza kushuka ngazi bila fimbo, au bado unamsumbua yule mpangaji wako akuletee barua juu? Na huko Duluth ziwa limeshaanza kupasuka barafu? Sisi hapa tunaamka na tunakula. Usingizi ndio unanikwepa, na sababu yake utaikuta humu ndani, ila nakuomba usiruke mistari. Isome kwa mpangilio nilivyoiandika.

Najua utashangaa kupata barua wakati kila Jumapili nakupigia simu. Sasa nikuambie ukweli kuhusu hizo simu. Mwezi uliopita ulinieleza jambo refu, nami nikakujibu kwa furaha, "Hongera sana, Dada!" Kumbe ulikuwa unaniambia umeanguka bafuni. Sylvia alikuwa karibu, akashika kichwa. Wewe ukabadilisha mazungumzo, na mimi nikajua nimeharibu lakini sikujua nimeharibu nini. Mara nyingi nikisema "ndiyo, ndiyo" huwa sijui ninakubali kitu gani. Nisamehe kwa hilo, na ndiyo maana leo nimeshika kalamu.

Hivi vidude vya kusikilizia vya masikioni nina mwaka wa pili navyo. Ukikata miti miaka arobaini kwa msumeno wa injini, bila kuziba masikio kwa sababu wenzako watakucheka, mwisho wake ni huu. Betri yake ni ndogo kama punje ya dengu, na wewe unavijua vidole vyangu, viwili havina hata ncha. Kila baada ya siku tano naketi mezani na kitambaa cheupe, Sylvia amesimama nyuma yangu akisema, "Siyo hivyo, mume wangu, geuza," nami nageuza, betri inaruka, na mbwa anakuja kunusa. Nikivaa kofia ya sufu vinapiga mluzi. Nikiivua kofia, kimoja kinatoka nayo. Januari nilipekua theluji ya mlangoni nusu siku nzima kwa chujio la unga, kumbe kimenasa ndani ya kofia.

Watu wanadhani ukivivaa basi unasikia. Kusikia unasikia, tena unasikia kila kitu. Jokofu, mfuko wa karatasi, taya zako mwenyewe zikitafuna mkate mkavu. Sauti ya mkeo ndiyo inapotea katikati ya hayo yote. Mahali pabaya kuliko pote ni chumba cha chini cha kanisa baada ya ibada, watu sitini wanakoroga kahawa kwa pamoja. Wazee wenzangu wamenizoea. Wakinisalimu, "Amani ya Mungu, Onni," wanaongeza, "leo umewasha au umezima?" Nami nacheka nao. Ukiwa mzee mwenye masikio mabovu, kucheka pamoja na watu ni kazi ya kudumu.

Basi Jumapili moja ya mwezi wa pili, Ensio alikuwa ananiambia kitu pale pale kwenye kahawa. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena, na mara ya tatu mdogo wetu, ambaye hata kanisani huimba kwa sauti ya chini, alipaza sauti mpaka vijiko vyote vikasimama vikombeni: "Basi, kaka! Acha! Haina maana!" Mama Ruona akaweka kikombe chini. Mtu mmoja akasema, eti hiyo hata Onni ameisikia. Wakacheka, nikacheka. Lakini iliniuma, Dada, nisikufiche. Njiani kurudi nyumbani nikajiapia kwamba sitamwomba tena binadamu yeyote arudie neno lake. Nitatikisa kichwa kukubali tu. Ukitikisa kichwa polepole, watu wanafikiri una busara.

Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Jumamosi ya wiki ile Ensio alikuja kuoga sauna kwetu, kwenye kibanda chetu cha mvuke, kama kawaida, saa tisa mchana. Unajua tangu awe peke yake kule shambani kwa Baba hawashi sauna yake, anasema kuni za mtu mmoja ni kuni za bure. Vidude haviingii saunani. Mvuke unaviua, na bei yake ilimfanya Sylvia aketi chini kliniki. Kwa hiyo navivua kwenye chumba cha kuvulia nguo na kuviweka katika kikombe cha bati juu ya rafu, kisha naingia nikiwa kiziwi kama gogo. Haijawahi kuwa tatizo. Ensio na mimi tumeoga pamoja miaka yote bila kuzungumza zaidi ya "ongeza maji" na "yatosha".

Siku hiyo aliongea. Tulikuwa benchi la juu, giza lile la kawaida, yeye ametazama jiko na mimi naona ubavu wa uso wake tu, kwa hiyo hata midomo sikuweza kuisoma. Niliona taya linakwenda. Nikadhani anasema habari za barafu, nikatikisa kichwa. Lakini hakuacha. Aliendelea muda ambao mimi nilimwaga maji kwenye mawe mara mbili, na alikuwa anafuta uso, na kwenye sauna huwezi kujua mtu anafuta nini. Nilitaka kusema, ngoja, Ensio, nikachukue masikio yangu. Neno lilifika mdomoni. Nikakumbuka kahawa ya Jumapili na lile "haina maana", nikalimeza.

Kisha akainamisha kichwa mbele yangu, shingo wazi, mikono juu ya magoti.

Wewe uliondoka kanisani kwetu ulipoolewa na marehemu Aldo, mtu wa kanisa jingine, lakini hili hujalisahau, maana ulikua nalo. Kwetu mtu aliyelemewa hangoji mchungaji. Anamwendea ndugu yeyote, jikoni au msituni, anasema lililo moyoni, kisha anainamisha kichwa. Na yule ndugu anamkumbatia shingoni na kumtamkia msamaha, na ukitamkwa umetamkwa, hakuna wa kuutengua. Nilimwona Baba akifanya hivyo zizini, ndoo ya maziwa mkononi. Nilipoiona ile shingo nilielewa mara moja naombwa nini. Sikujua kwa ajili ya nini. Na badala ya kusema sijasikia, Dada, nilimkumbatia mdogo wangu nikamwambia aamini dhambi zake zote zimesamehewa katika jina la Yesu na damu yake.

Alilia begani kwangu. Hilo sikuhitaji masikio kulijua.

Tangu siku ile Ensio akawa mtu mwingine. Akaniletea samaki wa moshi bila sababu. Akapanda paa la banda langu la kuni na kulisafisha theluji, mtu wa miaka sabini na minne! Kanisani akaimba mpaka watu wa mbele wakageuka. Sylvia akaniambia, eti labda shemeji yake amepata mchumba huko Hancock, nami nimuulize maana atahitaji shati jipya. Kila alivyozidi kuwa mwepesi, mimi nilizidi kuwa mzito. Nimesamehe nini? Nilianza kukumbuka kila kitu kibaya kilichotokea wilaya hii na hakikupata mwenyewe. Ghala la akina Ruona lililoungua mwaka ule wa ukame. Yule mgeni aliyegongwa barabarani wakati wa kuwinda paa, gari halikuonekana. Nilikwenda hata kuitazama bampa ya gari la Ensio, Dada. Nilipiga magoti kwenye theluji kuitazama bampa ya mdogo wangu, na yeye akatoka akaniuliza nimedondosha kidude tena? Nikatikisa kichwa. Akapiga magoti kunisaidia kutafuta.

Sikuweza kusali. Nitamwambia nini Mungu, kwamba nimetumia jina la Mwanawe kuficha uziwi wangu? Na msamaha wenyewe ni kitu gani kama aliyeutoa hakusikia? Na kama haukuwa kitu, basi yule mzee anayeimba kwa furaha benchi la tatu amedanganywa, na mdanganyifu ni mimi. Nikawa namfuata na sauti ya vidude nimeipandisha mpaka mwisho, nikitumaini atagusia lile jambo. Nilisikia kila mlango wa kaunti hii ukifungwa. Lile jambo hakuligusa.

Jumatano nilikuwa na miadi kwa yule binti wa kliniki anayepima masikio. Akanifanyia vipimo vyake, kisha akauliza ninaendeleaje na familia. Sijui kwa nini nilimwambia kwamba kuna mtu alinieleza jambo kubwa nami nikajifanya nimesikia. Hakucheka. Aliweka chini vifaa vyake na kusema kila wiki anakutana na wazee wa namna yangu, walio tayari kutia saini karatasi wasiyoijua kuliko kusema maneno mawili, "sijasikia, rudia." Akaniambia niyaseme pale mbele yake, kama mtoto wa shule. Niliyasema. Jasho lilinitoka kwapani.

Jana asubuhi nikatia betri mpya na kutembea mpaka shambani. Ensio alikuwa anapasua kuni nyuma ya nyumba. Nilimwambia aweke shoka chini, anitazame usoni, kisha nikamwambia kwamba siku ile saunani sikusikia hata neno moja.

Nilitegemea atakasirika. Alikaa juu ya kigogo cha kupasulia, akatazama glavu zake, akasema alijua. Alisema aliniona ninavyovivua, akahesabu vikigonga kwenye bati, kimoja, cha pili, ndipo akaingia. Alisema amelibeba jambo lile miaka hamsini na miwili, na hakuwahi kupata nguvu ya kulisema mbele ya mtu mwenye kusikia. Alitaka tu kulisikia likitoka kinywani mwake mahali penye mtu. Hakupanga kuinamisha kichwa. Kichwa kiliinama chenyewe, na nilipotamka msamaha aliupokea, akaenda nyumbani akalala mpaka jua likatoka, kitu ambacho hajawahi tangu ujana. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya chini, "Niliuiba, kaka. Najua niliuiba. Lakini ulikuwa mtamu."

Nikamwambia alirudie sasa. Akavua kofia, akanigeukia kwenye mwanga ili nione midomo, na akasema polepole. Tangu nivae vidude hivi sijawahi kusikia kitu vizuri namna ile.

Dada, shika kiti ukae.

Machi ile Baba anakufa, mimi nilikuwa kambini msituni, unakumbuka. Ensio ndiye alikuwa naye peke yake. Siku nne kabla ya mwisho Baba alimwita, akamwambia aende dukani kwa Kemppainen, kwenye simu, akupigie wewe. Akwambie uje. Na Aldo aje naye, alisema hivyo, na mtoto pia. Ensio akatembea maili tatu kwenye theluji. Akafika dukani, akashika simu mkononi. Anasema alikuwa na namba yako kwenye karatasi. Na pale pale akaikumbuka asubuhi ile ulipoondoka na begi lako, yeye ana miaka kumi na sita, wewe uliyemlea tangu Mama afariki, na hukugeuka kumtazama. Akarudisha simu mahali pake. Alinunua tumbaku. Akarudi nyumbani akamwambia Baba kwamba umesema huji.

Baba hakulaumu. Alimwambia Ensio asafishe njia ya gari hata hivyo, huenda utabadili mawazo. Ensio akachukua koleo akasafisha theluji kutoka mlangoni mpaka barabarani, kuingia na kutoka, siku mbili, kwa gari alilojua haliji. Mimi nilifika kutoka kambini jioni ya mwisho, nikaiona njia ile pana, nikampiga mdogo wangu mgongoni nikamsifu kwa kazi nzuri.

Alipomaliza akainamisha kichwa tena, pale kwenye kigogo. Shingo imekonda, Dada, imejaa mikunjo. Alingoja. Na mimi niliyetamka msamaha bila kusikia, sasa nimesikia, nilisimama mikono ikining'inia. Nilitaka kumkumbatia na nilitaka kumpiga. Mwishowe nikamwambia kwamba haya hayakutendwa kwangu, na siwezi kutoa mali ya mtu mwingine mara ya pili. Akasema ndiyo. Akavaa kofia yake. Nilipokuwa narudi nyumbani nilimsikia akipasua kuni mpaka nilipofika kwenye kona, na huo ndio uliokuwa umbali mrefu kuliko wote niliowahi kusikia kitu na vidude hivi.

Lakini na mimi nina langu, na sitaki lijifiche nyuma ya la Ensio. Kwenye mazishi wewe ulikaa benchi la nyuma kabisa, maana habari za kifo ulizipata kwa watu. Hakuna aliyekumiminia kahawa. Nilikupa mkono kama ninavyompa mtu wa bima. Wewe ulidhani ni kwa sababu ya Aldo na kanisa lake, na labda kwa wengine ilikuwa hivyo. Mimi niliamini umemkatalia Baba kitandani pake, na nikakaa miaka tisa bila kusema nawe. Masikio yangu yalikuwa mazima wakati ule. Ningekuuliza swali moja tu, "Dada, kwa nini hukuja?", na ungenijibu, na nisingehitaji urudie. Sikuuliza. Ensio alikuwa kijana aliyeumia. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye mke, na nilichagua kukuhukumu kwa sababu ilikuwa rahisi. Kwa hilo nainamisha kichwa changu hapa juu ya karatasi.

Jumanne tunakuja. Ensio ataendesha, kwa kuwa mimi honi sizisikii na Sylvia hanipi funguo. Tutafika mchana. Amesema atabaki garini mbele ya nyumba yako, mimi nipande ngazi peke yangu. Ukitaka apande, nitamwita dirishani kwa mkono. Usipotaka, nitakunywa kahawa na wewe na atanirudisha nyumbani, na amesema hilo nalo atalipokea. Usimsamehe kwa sababu ni mzee. Usimsamehe kwa ajili yangu wala ili tusirudi bure. Na mimi pia usinifanyie haraka. Nitavaa vidude vyote viwili, na betri za akiba mfukoni, na lolote utakalosema, hata likiwa kali, nitalisikiliza. Nisiposikia nitakuomba urudie.

Sylvia anakusalimu sana, anaoka mkate wa iliki tutakaokuja nao, na anasema usishuke ngazi kutupokea, ukae ndani kwenye joto. Msalimie binti yako na wanawe. Mwambie mpangaji wako asifagie theluji mbele ya mlango Jumanne, Ensio ameomba aifanye yeye, kama utamruhusu hata hilo tu.

Yote mengine yanaweza kungoja tuonane. Hili moja sitaki ulale bila kuwa nalo: Baba alikuita, Dada, na wewe hukukataa.

Ni mimi mdogo wako,

Onni